Shangazi, maji nakunywa lakini UTI hairudi nyuma

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 34, nimeolewa na nina watoto wawili. Shida yangu ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka huu imekuwa ikinirudia kila baada ya miezi miwili hivi, na inaanza vilevile kila mara. Nikienda haja ndogo inachoma, hasa mwishoni, halafu nahisi haja tena kabla hata sijatoka chooni. Chini ya kitovu kunavuta. Mkojo wenyewe unatoka kidogo kidogo, umevurugika, na safari moja ulikuwa na rangi ya damu.

Nikienda kwenye kituo cha karibu na nyumbani wanapima mkojo, wanaandika UTI, napewa sipro, ile dawa ya kuua bakteria (ciprofloxacin). Siku mbili tatu napata nafuu. Safari za karibuni sikwenda hata kupima. Nilinunua vidonge vichache duka la dawa, maumivu yakapoa, vilivyobaki nikaviweka kwa ajili ya safari nyingine. Hii ya mwisho nimevimeza na havijasaidia kitu.

Kila mtu ananiambia ninywe maji mengi yasafishe. Nakunywa, Shangazi! Chupa ya lita moja na nusu naimaliza kabla ya saa sita mchana, na nyingine inaisha jioni. Kweli kuna wakati najibana, maana choo cha walimu ni kimoja, na darasa la watoto wengi huliachi hivihivi mpaka kengele ilie. Lakini naomba unieleze: kama maji yanasafisha, hawa wadudu wanabakije? Kibofu si kinaoshwa kila nikikojoa?

Mume wangu naye ameanza maneno. Anasema yeye hajawahi kuugua, iweje mimi kila siku. Wifi yangu anasema ni choo cha shule. Na kuna dada anauza unga mtandaoni unaoitwa manosi, anasema unawanasa bakteria wote wanatoka na mkojo. Kopo moja bei yake inatisha. Ninunue?

Mwalimu niliyechoka, Morogoro

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Katika yote uliyoandika, swali la maji ndilo lililonifurahisha. Watu wanatoa ushauri wa "kunywa maji" bila kuwahi kujiuliza hilo unalouliza. Mimi kabla ya kustaafu nilikuwa mtu wa maabara, kazi yangu kuotesha mikojo ya watu, yaani kuwakuza bakteria waliomo ili wajulikane, na kuwatazama hawa wadudu kwenye darubini, kwa hiyo utanivumilia nikianza na mdudu mwenyewe. Mumeo na unga tutawafikia.

Mara nyingi mdudu wa UTI ni bakteria aitwaye E. coli. Kwa mwanamke asiye na maradhi mengine, UTI za kibofu karibu robo tatu au zaidi ni za huyu. Makazi yake ni utumbo mpana, wangu na wako, na akikaa huko hana kero. Safari yake mpaka kwenye kibofu ni fupi: anatoka njia ya haja kubwa, anafika kwenye tundu la mkojo, anapanda mrija wa mkojo ambao kwa mwanamke una sentimita 4 hivi. Wa mwanamume unafika sentimita 20. Hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini mumeo hajui unachokisema.

Huyu mdudu ana urefu wa kama elfu mbili za nanomita, yaani sehemu mbili kati ya elfu moja za milimita. Mwilini ana vinyweleo vingi, mamia, na kila kimoja kina unene wa nanomita 7 tu. Ukivipanga ubavu kwa ubavu, milimita moja ya rula yako ya darasani itameza zaidi ya laki moja na bado nafasi itabaki. Kwenye ncha ya kinyweleo kuna protini moja iitwayo FimH, na hiyo ndiyo inayoshika. Inachoshika ni sukari, aina ya manosi, iliyo juu ya protini za uroplakini zinazofunika seli za juu kabisa za ukuta wa kibofu. Usichanganye na sukari ya ugonjwa wa kisukari. Hii ni sehemu ya seli zenyewe, kila mtu anayo, na huwezi kuipunguza kwa kuacha soda.

Sasa tufike kwenye swali lako. Akili ya kawaida inatuambia kitu kilichoshikana ukikivuta kwa nguvu kinaachia. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani, wakiwamo Wendy Thomas na Evgeni Sokurenko, waliwakutanisha E. coli wenye FimH na chembe nyekundu za damu ya simbilisi ndani ya kijichumba kinachopitisha maji. Maji yalipopita taratibu, mshiko ulikuwa wa kulegalega. Walipoongeza nguvu ya mkondo mara kumi, mshiko ukakaza. Walichokiona ni kinyume cha kile ambacho ungetabiri.

Sababu iko ndani ya FimH yenyewe. Ina vipande viwili: cha mbele kinashika sukari, cha nyuma kimeungana na kinyweleo. Pasipo mvuto, cha nyuma kinakiegemea cha mbele na kulifanya tundu la kushikia sukari libaki wazi kidogo. Basi kinashika, kinaachia, kinashika tena, na mdudu anajongea juu ya ukuta. Mkondo ukija, unamvuta mdudu, mdudu anavuta kinyweleo, kinyweleo kinavuta FimH. Vipande vile viwili vinaachana kidogo, cha mbele kinabadilika umbo, na tundu linajifunga juu ya sukari. Ni kitanzi, mwanangu: unavyovuta ndivyo kinavyokaza. Mkondo ukitulia kinalegea, na mdudu anakuwa huru kuhama.

Hata kinyweleo chenyewe kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Ni protini ndogo zaidi ya elfu moja, zimefuatana na kujisokota mzunguko juu ya mzunguko. Mkojo unapotoka kwa kishindo, misokoto inafunguka, kinyweleo kinarefuka mara kadhaa, na mvuto haupandi ghafla ukaikata FimH kutoka kwenye sukari. Wanafizikia wa Umeå, Sweden, wamevuta vinyweleo vya namna hii kimoja kimoja kwa kutumia mwanga wa leza, na wakapima kwamba misokoto inaanza kufunguka kwenye nguvu ya takriban pikonyutoni 30, kipimo cha nguvu ndogo mno. Mkojo ukiisha kupita, kinajisokota tena na kurudi kilivyokuwa. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo, maana nilikuwa nimewaangalia wadudu hawa miaka mingi bila kuwaheshimu kiasi hicho.

Kwa hiyo wale ambao wameshashika, mkojo hauwang'oi. Wanaotoka ni wale wanaoelea na wale ambao mshiko wao bado ni wa kujaribu. Mwili wako unajua hivyo, ndiyo maana figo zinatoa protini iitwayo uromodulini, ambayo Tamm na Horsfall waliieleza tangu mwaka 1950. Ni nyuzi ndefu zinazoelea kwenye mkojo, nazo zina manosi. FimH ikizishika hizo badala ya ukuta, mdudu anaondoka nazo chooni. Kinachotakiwa ni mkojo utoke mara kwa mara, kabla wadudu hawajaongezeka na kuzizidi nyuzi.

Usije ukasema Shangazi kasema maji hayana maana. Yana maana, na kuna ushahidi. Utafiti uliofanyika Bulgaria na kuchapishwa mwaka 2018 ulichukua wanawake 140 wenye UTI za kujirudia ambao walikuwa wakinywa chini ya lita moja na nusu kwa siku. Nusu yao wakaongezewa lita moja na nusu. Katika miezi 12, walioongeza waliugua wastani wa mara 1.7, wasioongeza mara 3.2. Lakini tazama vizuri ni akina nani: walikuwa wanywaji wadogo. Wewe tayari uko lita tatu. Sina sababu ya kukuongezea hata glasi. Kinachonisumbua katika barua yako ni ule mstari wa kengele. Unakunywa vizuri, halafu unayafungia. Mkojo ukitulia kibofuni muda mrefu, mshiko unakuwa legevu, wadudu wanatembea, wanazaana. Kwenye mazingira wanayoyapenda mmoja anakuwa wawili kwa dakika 20 hivi. Mkojoni wanakwenda polepole zaidi, lakini asubuhi nzima ya vipindi inawatosha.

Zungumza na mwalimu wa darasa la jirani awe anakuangalizia watoto dakika tano katikati ya vipindi. Wewe unafundisha watu wazima wa kesho kuomba ruhusa ya kwenda nje, na wewe jiruhusu.

Kuhusu kurudi kwa ugonjwa, kuna jambo jingine ambalo maji hayaligusi kabisa. Mdudu akishashika, haishii juu ya ukuta. Kule kushika kwa FimH kunaishawishi seli immeze. Timu ya Scott Hultgren huko St. Louis, Marekani, ilionyesha kwa panya mwaka 1998 jinsi anavyoingia, na mwaka 2003 jinsi anavyozaana humo ndani ya seli mpaka anajaza kundi zima lililobanana. Mwili unajitetea kwa kuzibandua seli za juu na kuzitoa na mkojo, ambalo ni jambo jema, ila seli changa za chini zinabaki wazi na baadhi ya wadudu wanajificha humo wakiwa wametulia. Mwaka 2007 makundi ya namna hiyo yalionekana pia kwenye mkojo wa wanawake wenye UTI. Dawa inaua walio nje, mkojo unakuwa safi, unafurahi. Baadaye waliojificha wanaweza kuamka. Siwezi kukuambia kwamba zako zote ni za namna hiyo, maana nyingine ni mdudu mpya kabisa kutoka utumboni mwako. Vyovyote vile, vidonge vya akiba kutoka kwenye droo havimalizi lolote kati ya hayo mawili.

Hapo ndipo nitakapokufokea kidogo. Umemeza sipro vipande vipande, na sasa haisikii. Ukanda wetu huu E. coli wengi wameshaizoea sipro na Septrin, na desturi ya kununua vidonge vinne vitano dukani imechangia sana. Hivyo vilivyobaki usivimeze na usimgawie jirani.

Unachohitaji sasa ni kuotesha mkojo, kabla hujameza dawa nyingine yoyote. Kipimo cha haraka walichokuwa wakikufanyia kinaonyesha tu kwamba kuna seli za usaha au kuna dalili ya bakteria. Hakisemi ni mdudu gani wala dawa gani inamuua. Na niseme wazi, mikojo mingi inayoandikwa UTI hapa kwetu haina UTI. Ni mkojo wa mwanzo uliopita na uchafu wa ngozi, ukakaa dirishani nusu siku kwenye joto, ukaota kila kitu. Wewe dalili zako ni za kweli, lakini hata mgonjwa wa kweli anaweza kupewa dawa ya uongo kwa sampuli mbaya. Chukua kikopo cha maabara chenye mfuniko. Nawa mikono, jisafishe kwa maji tu, tenga mashavu ya uke kwa vidole, mkojo wa mwanzo uache uende chooni, kinga wa katikati, wa mwisho nao uache. Ufike maabara ndani ya saa mbili. Ukichelewa, uwekwe kwenye friji. Majibu huchukua siku mbili mpaka tatu, na kama maumivu hayavumiliki daktari anaweza kukuanzishia dawa siku hiyohiyo mara tu sampuli ikishatolewa.

Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa ambako wanaotesha. UTI mbili ndani ya miezi sita au tatu ndani ya mwaka tayari zinaitwa za kujirudia, na hizo zina utaratibu wake. Mwambie daktari hivyohivyo ulivyoniandikia mimi, na umtajie ile safari ya damu. Ataangalia sukari, ujauzito, pengine mawe kwenye figo. Baada ya hapo anaweza kukupa dawa ya dozi ndogo ya kukinga kwa miezi kadhaa, au ya kumeza baada ya tendo la ndoa ikiwa ndiko zinakoanzia. Hilo ni la kupanga naye.

Ukiona homa na kutetemeka, maumivu ubavuni chini ya mbavu au kutapika, usingoje majibu wala usiniandikie. Nenda siku hiyohiyo. Wapo E. coli wenye vinyweleo vya aina nyingine vinavyoshika sukari tofauti iliyo kwenye figo, na wakifika huko si mchezo. Ukijikuta mjamzito ni hivyohivyo, hata kama huumwi wapime mkojo.

Mumeo sasa. Mwambie UTI ya kibofu si ushahidi wa uzinzi. Tendo la ndoa linachangia, kwa maana kwamba linasukuma bakteria waliopo nje ya mrija kuingia ndani, na linafanya hivyo hata kwa mke wa mume mmoja aliyetulia nyumbani kwake. Kukojoa mara baada ya tendo ushahidi wake si mzito, lakini hakuna gharama, na kwa haya niliyokueleza kuna mantiki: unawatoa kabla hawajashika. Mkitumia kondomu iliyopakwa dawa ya kuua mbegu za kiume, au jeli yenye dawa hiyo, acheni dawa hiyo, inaharibu walinzi wa uke na kumpa E. coli nafasi. Hata hivyo, kuchoma kwa mkojo kunaweza pia kutokana na magonjwa ya zinaa kama kisonono au klamidia. Ukiona uchafu unaotoka ukeni, au kipimo cha kuotesha kikirudi hakina kitu huku bado unaungua, mpime wote wawili. Na mpime bila kugombana, maana anayetaka ugomvi atautafutia hata malaria sababu.

Wifi yako na choo cha shule: hapana. Mdudu anatoka kwako mwenyewe, harukii kutoka kwenye sinki la kuchuchumaa. Choo kichafu kinakudhuru kwa njia ya kukufanya ujibane. Jifute au jitawaze kuanzia mbele kwenda nyuma, basi. Na kama uko kwenye yale makundi ya akina mama wanaofundishana kuingiza shabu, ndimu, sabuni ya manukato na mafusho huko chini, toka leo. Uke una bakteria wake wazuri wanaotengeneza asidi na kumzuia E. coli asijenge kambi mlangoni. Ukiwaosha hao, umemfungulia.

Unga wa manosi ni wazo zuri sana kwenye karatasi, na sasa unaweza kuona lilikotoka: jaza mkojo kwa sukari ambayo FimH inaipenda, iishike hiyo, iache ukuta. Tatizo ni kwamba umejaribiwa vizuri na haukusaidia. Uingereza walichukua wanawake 598 wenye UTI za kujirudia. Wengine wakapewa gramu 2 za manosi kila siku kwa miezi sita, wengine fruktosi (sukari ya matunda) tu, bila kujua nani ana nini. Matokeo yalitoka mwaka 2024: waliorudi kwa daktari na dalili za UTI walikuwa asilimia 51 kwa manosi na 55.7 kwa fruktosi, tofauti ndogo ambayo haithibitishi kitu. Maabara za dawa zinatengeneza molekuli zinazofanana na manosi lakini zinazoibana FimH kwa nguvu zaidi, na huko ndiko mimi ningeweka matumaini. Bado hazijafika dukani. Kopo la dada yako wa mtandaoni liache, fedha hiyo italipia kuotesha na chenji ibaki.

Karatasi ya majibu ukiipata, tafuta orodha ya dawa yenye herufi pembeni. S ni dawa inayomweza mdudu wako, R ni iliyomshinda, I iko katikati. Ikiwa sipro ina R, usikubali kuandikiwa, hata muuza duka akikuapia kwamba safari hii ana ya kiwanda kingine. Nitrofurantoini ikiwa na S, muulize daktari kuhusu hiyo kwanza, kwa sababu kazi yake iko kwenye mkojo na haivurugi sana bakteria wa mwili mzima. Uimeze na chakula, na umalize siku zote ulizoandikiwa. Mkojo utabadilika rangi kuwa wa njano iliyokolea au hudhurungi. Hiyo ni dawa, usiogope.